Yowe na Mnong'ono

Alhamisi ya tarehe 30 Mei 2024, giza likiwa limeshaingia, watu wasiojulikana walifika kwenye nyumba moja katika Kijiji cha Bulamula, Kata ya Kamachumu, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Wakampora mama mtoto wake, wakatokomea naye. Mtoto huyo aliitwa Asimwe Novath. Alikuwa na umri wa miaka miwili na nusu, na alizaliwa na ualbino.

Asiyeifahamu Kamachumu ni vizuri aelewe kwanza watu wa huko wanavyoishi. Nyumba za Wahaya wa vijijini kwa kawaida hazijipangi kando ya barabara kama maduka. Kila nyumba iko ndani ya kibanja chake, imezungukwa na migomba, mibuni, maharage na magimbi, na ya jirani huioni ingawa ukikohoa anakusikia. Kati ya kibanja na kibanja kuna vijia vyembamba vinavyopinda. Mchana vijia hivyo ni vya wote: watoto wa shule, wachota maji, wanunuzi wa ndizi, wagonjwa wanaopelekwa Hospitali ya Ndolage. Usiku hubaki kuwa vya wenyeji. Mgeni asiye na mtu wa kumwelekeza atababaika huko mpaka mbwa wa kitongoji kizima wabweke. Ndiyo maana tangu siku ya kwanza, watu waliposema "wasiojulikana", wengi walilitamka neno hilo kwa kusitasita.

Habari zikasambaa. Polisi, mgambo na wanakijiji wakaingia kwenye msako, na picha ya mtoto ikazunguka kwenye simu za watu nchi nzima. Siku zikapita. Ikafika tarehe 13 Juni, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, siku iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2014. Watanzania wenyewe walikuwa wameanza kuiadhimisha siku yao, tarehe 4 Mei, tangu mwaka 2006. Asimwe alikuwa bado hajaonekana. Ikafika tarehe 16, Siku ya Mtoto wa Afrika. Jumatatu ya tarehe 17, Waislamu wakisherehekea Idd el-Hajj, mwili wake ulipatikana ukiwa ndani ya mfuko wa sandarusi chini ya karavati la barabara, Kijiji cha Makongora, Kata ya Ruhanga, wilaya hiyohiyo ya Muleba. Baadhi ya viungo vilikuwa vimeondolewa. Zilikuwa zimepita siku 18.

Siku mbili baadaye Jeshi la Polisi lilitangaza kuwa linawashikilia watu tisa. Kwa maelezo ya polisi, miongoni mwao walikuwamo baba mzazi wa mtoto, padri wa Kanisa Katoliki na mganga wa kienyeji. Tarehe 28 Juni walifikishwa mahakamani Bukoba kwa shtaka la mauaji. Kushtakiwa si kutiwa hatiani, na makala hii haitamtaja yeyote kati yao kwa jina wala kumpa uzito wa kosa ambalo kuthibitishwa kwake ni kazi ya mahakama. Lakini orodha ile ya watu wa aina tatu, mzazi, kiongozi wa dini na mganga, iliwagusa watu mahali ambapo habari za kawaida za mauaji hazifiki. Hao ndio watu ambao mama wa kijijini angewakimbilia.

Kwenye vijiwe vya kahawa, redioni, misikitini na makanisani, hasira ilivuka idadi ya washtakiwa. Swali lililorudiwa kila mahali lilikuwa moja: majirani walikuwa wapi? Na swali hilo halikuulizwa kwa upole. Ndani yake mlikuwa na hukumu tayari, kwamba watu wa Muleba wamekuwa na roho ngumu, kwamba kijiji cha leo si kile cha zamani ambacho yowe likipigwa kila mwanamume anatoka na panga, kwamba kila mtu sasa anafunga mlango wake na kuongeza sauti ya redio.

Hukumu ya namna hiyo ina historia, tena historia yake inaanzia mbali sana na Kagera.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Machi 1964, mtaa wa Kew Gardens, jijini New York, mwanamke wa miaka 28 aitwaye Kitty Genovese alichomwa visu akirudi kutoka kazini. Wiki mbili baadaye gazeti la New York Times likachapisha ukurasa wa mbele habari iliyoitikisa Marekani: kwamba watu 38 waliyaona mauaji yale kupitia madirisha yao kwa zaidi ya nusu saa, na hakuna hata mmoja aliyepiga simu polisi wakati wa shambulio. Namba 38 ikaingia vitabuni. Wahubiri waliitumia, walimu wa saikolojia waliifundisha, na mpaka leo mtu akitaka kulaani ubaridi wa watu wa mjini ataipata mdomoni mwake bila kujua imetoka wapi.

Habari ile ilikuwa na kasoro kubwa. Wachunguzi waliorudia mafaili, na ndugu wa marehemu mwenyewe aliyeshiriki katika filamu ya mwaka 2015, walikuta kwamba walioona tukio kwa macho walikuwa wachache. Shambulio lilikuwa mara mbili, na la pili lilitokea ndani, kwenye ujia wa ngazi, mahali ambapo madirisha mengi hayaoni. Mtu mmoja alipaza sauti kutoka dirishani, na mshambuliaji akakimbia kabla ya kurudi. Mwanamke wa jirani, Sophia Farrar, aliteremka ngazi bila kujua kama muuaji bado yupo, akamshika Kitty mikononi hadi msaada ulipofika. Gazeti lenyewe lilikiri mwaka 2016, muuaji Winston Moseley alipofia gerezani, kwamba taarifa yake ya awali ilikuwa na dosari. Walikuwepo waliosikia na kunyamaza, hilo ni kweli. Lakini umati ule wa mashahidi 38 wakitazama kama watu walio sinema haukuwepo.

Kutokana na habari hiyo yenye kasoro, wanasaikolojia wawili, John Darley na Bibb Latané, walifanya jaribio zuri. Mwaka 1968 walichapisha matokeo yake. Waliwaweka wanafunzi kwenye vyumba mbalimbali, wakawasiliana kwa vipaza sauti, kisha mmoja akasikika akishikwa na kifafa. Mwanafunzi aliyeamini kwamba ni yeye peke yake anayesikia, mara 85 kati ya 100 alitoka kuomba msaada kabla sauti ya mgonjwa haijakatika. Aliyeamini kuwa wanaosikia pamoja naye ni wengine wanne, ni mara 31 tu. Hawakuwa watu wabaya zaidi. Waliokaa kitako walionekana wakitetemeka na kutoka jasho. Kila mmoja alijua kwamba wengine nao wanasikia, hakuwa na njia ya kujua wanafanya nini, na akadhani huenda mwingine ameshachukua hatua.

Turudi Kagera, maana mji wa Bukoba unatoa ushahidi unaokinzana na hukumu ya kwamba watu wa Kagera hawakimbilii mwenzao.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria kwenye hali mbaya ya hewa, karibu na kiwanja cha Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43. Waliofika wa kwanza hawakuwa zimamoto. Walikuwa wavuvi, na mitumbwi yao, na makasia yao. Wengine waliruka majini. Ufukweni umati ulishika kamba na kuivuta ndege, watu wazima na vijana, wenye suti za kanisani na wenye matope ya ziwa. Watu 24 walitoka hai, 19 wakafa. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alizawadiwa shilingi milioni moja na kupewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Baadaye kukazuka mabishano kuhusu nani hasa aliufungua mlango wa ndege, kama ilivyo kawaida ya mambo yanayofanywa na watu wengi kwa dakika chache. Nani alifungua mlango ni swali dogo kwetu. Kubwa ni kwamba hakuna aliyesimama ufukweni akijiuliza kama jambo lile linamhusu.

Ajali ile ilikuwa yowe. Ilionekana na kila mtu, haikuwa na utata, na hakuna mtu wa Bukoba ambaye angeonekana mbaya kwa kuokoa. Mtu anayetaka kuelewa kilichotokea Muleba aanzie hapo, kwenye tofauti kati ya jambo linalopiga yowe na jambo linalonong'onwa.

Kuna kisa kingine cha Bukoba kinachokaa katikati ya hayo mawili. Tarehe 27 Agosti 2018, Shule ya Msingi Kibeta, ndani ya Manispaa, mwanafunzi wa darasa la tano mwenye miaka 13, Sperius Eradius, alituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu aliyekuwa ameshuka kwenye bodaboda. Akapigwa. Akafa siku hiyohiyo. Mkoba haukuwa umeibwa. Ulikuwa umebaki kwenye bodaboda. Mwezi Machi 2019 Mahakama Kuu, Bukoba, ilimhukumu mwalimu mmoja kunyongwa na kumwachia huru mwingine.

Shule ni mahali penye watu. Saa za asubuhi kuna walimu, kuna madarasa yaliyojaa watoto, kuna mpishi, kuna mzazi aliyekuja kuulizia mchango. Kiboko kikilia, kinasikika. Lakini kiboko shuleni ni sauti ambayo masikio yetu yamezoeshwa kutoisikia. Kanuni za adhabu ya viboko zinasema visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kila mwalimu anazijua, na kila mwalimu ameona zikivunjwa. Kwa hiyo anayesikia kiboko cha tano hajui kama amesikia kosa au amesikia asubuhi ya kawaida. Kiboko cha kumi nacho hivyohivyo. Wanafunzi wa Darley walikuwa na mgonjwa wa kifafa. Walimu wa Kibeta walikuwa na nidhamu. Nidhamu inaziba masikio zaidi, kwa sababu anayeingilia kati haonekani kama mwokoaji, anaonekana kama anayemdharau mwenzake mbele ya watoto.

Sasa Bulamula. Usiku wa tarehe 30 Mei ulikuwa na yowe lake, na watu walitoka. Kinachonisumbua mimi ni siku zilizotangulia, na majira yaliyotangulia siku hizo. Mauaji ya aina hii hayafanywi na mlevi aliyekasirika. Yana mnunuzi au anayetafutiwa mnunuzi, yana dalali, yana anayejua nyumba ipi ina mtoto wa namna gani na mlango wake unafungwaje, yana pikipiki au gari, yana mahali pa kuficha. Jambo lenye watu wengi kiasi hicho huvuja. Huvuja kilabuni, huvuja kwa mganga mbele ya wateja wanaosubiri zamu, huvuja kwa mke aliyeona fedha isiyo na maelezo. Anayelidaka neno la aina hiyo hapigi yowe. Atapiga yowe la nini, wakati hakuna aliyekufa?

Na neno hilo limekuwa likizunguka Kanda ya Ziwa kwa miaka karibu 20. Wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino lilianza kuripotiwa kwa nguvu kati ya mwaka 2006 na 2008, Mwanza, Shinyanga, Mara, Kagera na maeneo yaliyokuja kuwa Geita na Simiyu. Imani iliyolisukuma ni kwamba viungo vyao vinaleta dhahabu mgodini, samaki wavuni na kura kwenye sanduku. Ni imani ya kibiashara, na wala si ya kale kama wengi wanavyodhani: waliouliza wazee walikuta hadithi za zamani za kuwaogopa na kuwaficha, wengine wakidai watu hao hawafi bali hupotea, lakini soko la viungo lenye bei ni la zama za wachimbaji wadogo na waganga wenye mabango barabarani. Sayansi ya ualbino ni nyepesi. Mtoto hurithi ualbino kwa baba na mama wote wawili, hata kama wenyewe ni weusi tititi, na Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye hali hiyo katika kila watu 1,400 hivi, kiwango kikubwa kuliko cha nchi nyingi duniani. Tangu wimbi hilo lianze, zaidi ya watu 70 wameuawa nchini, bila kuhesabu waliokatwa viungo wakapona na makaburi yaliyofukuliwa.

Kagera haikukosa sehemu yake. Oktoba 2008, wilayani Ngara, mwanamke mwenye ualbino aliyekuwa mjamzito alivamiwa usiku akiwa amelala na mwanawe. Alipoteza mikono yote miwili, na mimba ikatoka. Alisema amemtambua mmoja wa waliomvamia, na kwamba alikuwa jirani. Mahakama haikuridhika na utambuzi wake, kwa sababu ya uoni hafifu unaoambatana na ualbino, na aliyetajwa akaachiwa. Simlaumu jaji kwa kudai ushahidi, kwani mtu hafungwi kwa kutajwa tu. Lakini fikiria kijiji kilichoiona kesi ile ikiisha hivyo, kisha mwambie mwanakijiji mwingine aje mbele kutoa ushahidi kwa jambo alilolisikia nusunusu kilabuni.

Serikali ililiona tatizo la mnong'ono mapema, tena kwa namna ambayo leo imesahauliwa. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa kienyeji, na alilia bungeni alipotakiwa aeleze kauli yake kwamba wauaji wauawe. Miezi miwili baadaye, Machi 2009, Rais Jakaya Kikwete akaleta kitu kigeni kabisa: kura za siri. Wananchi wa mikoa iliyoathirika waliitwa vijijini kwao, wakapewa karatasi, wakaandika majina ya watu wanaowashuku kwa mauaji hayo na uhalifu mwingine, wakazitumbukiza sandukuni bila kuweka majina yao wenyewe.

Hebu tulitazame jambo lile kwa karibu. Nchi ilikuwa imekiri, kwa karatasi na sanduku, kwamba watu wanajua na hawasemi. Na kwamba hawasemi kwa sababu ya hofu, wala si kwa sababu hawajali. Nani humwandalia kura ya siri mtu asiyejali? Kasoro zilionekana upesi. Karatasi ya kura inaweza kubeba jina la mchawi wa kudhaniwa, la shemeji aliyegombania kibanja, la mwanamke mzee asiyependwa. Majina yaliyopatikana hayakuwa ushahidi. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama ilitoa hukumu ya kwanza ya kifo katika kesi za namna hii, kwa watu watatu walioua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe. Hukumu ile ilipatikana kwa njia ya kawaida, upelelezi na mashahidi waliosimama kizimbani wakaonekana nyuso.

Kisha wimbi likapoa, likapanda tena kuelekea uchaguzi wa 2015. Desemba 2014, msichana wa miaka minne aliibwa Kwimba na hajapatikana hadi leo. Februari 2015, mtoto wa mwaka mmoja aliporwa wilayani Chato, na mama yake akajeruhiwa vibaya akijaribu kumzuia mvamizi. Waganga wakapigwa marufuku mara nyingine, zaidi ya 200 wakakamatwa. Watoto wakakusanywa kwenye shule za bweni: Buhangija Shinyanga, Mitindo Misungwi, Kabanga Kasulu, na kwa Kagera, Mugeza Mseto pale Bukoba. Wakawa salama nyuma ya ukuta, mbali na mama zao. Na miaka ikapita kimya kiasi kwamba mwaka 2024, mapema Mei, mvulana wa miaka 10 aliposhambuliwa kwa panga huko Katoro, Geita, akanusurika, habari yake ilichukua nafasi ndogo magazetini. Wiki nne baadaye ikawa zamu ya Bulamula. Novemba ungekuja uchaguzi wa serikali za mitaa.

Mtu anayesema majirani hawakujali amkalishe chini jirani mmoja amsikilize. Atasikia mambo ambayo si ubaridi. Atasikia kwamba anayekwenda kuripoti ndiye anayelala mahabusu kwanza, "kwa ajili ya kusaidia upelelezi". Kwamba kesi ya mauaji huchukua miaka, na shahidi hujilipia nauli ya kwenda Bukoba mpaka achoke, huku ndugu wa mshtakiwa wakipita mbele ya mlango wake kila siku. Kwamba mganga anaogopwa hata na anayesema hamwamini. Kwamba kuingia katika mambo ya nyumba ya mtu na mtoto wake ni utovu wa adabu, na ya Ngoswe mwachie Ngoswe. Kwamba padri au shehe akituhumiwa, anayemtaja ndiye atakayeonekana ametumwa. Tangu mwaka 2015 ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Ni sheria nzuri. Sijui ni wangapi pale Kamachumu wamewahi kuambiwa kuwa ipo.

Kuna upande mwingine ambao waliouliza "majirani walikuwa wapi" hawakuutaja, nao unatisha kuliko ukimya. Kanda ya Ziwa haina upungufu wa watu wanaokimbilia yowe. Mwizi wa kuku akipigiwa kelele, umati unafika, na gazeti la kesho yake litaandika kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni, wakidhaniwa wachawi. Sungusungu walioanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 walizaliwa kutokana na nguvu hiyohiyo ya kuitana, wakazima wizi wa ng'ombe, wakapiga pia watu wasio na hatia, hadi serikali ikawaingiza kwenye sheria mwaka 1989. Katika umati kama huo kila mtu ana hakika na ujasiri kwa sababu wenzake wanao. Mtu huyohuyo, akiwa peke yake na neno alilolisikia kwa bahati mbaya, hana hakika wala ujasiri. Umati unampa mtu mkono wa kurusha jiwe. Haumpi mdomo wa kwenda kwa mtendaji wa kijiji saa mbili asubuhi na kusema: nimesikia hivi, kwa fulani, siku fulani.

Sheria inamtaka aende. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 7, inamlazimisha kila anayejua kuwa kosa limetendeka au linakusudiwa kutendeka, amwarifu polisi au mtu mwenye mamlaka mahali alipo, naye aifikishe taarifa kituoni. Kanuni ya Adhabu inamhesabia kosa anayejua kwamba jinai kubwa inapangwa na asifanye lililo ndani ya uwezo wake kuizuia. Kwa maneno mengine, Tanzania haina pengo la kisheria ambalo Marekani ilibishania baada ya Kew Gardens, kwamba raia hana wajibu. Wajibu upo. Kilichokosekana ni njia fupi kati ya kilabu na kituo cha polisi ambayo mtu anaweza kuipita bila kuonekana na kijiji kizima.

Baada ya Asimwe mambo yalisogea. Serikali iliagiza watu wenye ualbino watambuliwe na kuandikwa kila kijiji ili walindwe, na Mpango Kazi wa Taifa unaoanza 2024/25 ukatolewa. Orodha hiyo ni jambo la lazima, ingawa anayewinda hakuwahi kuhitaji orodha. Tarehe 5 Februari 2025, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilitoa uamuzi katika shauri lililofunguliwa mwaka 2018 na mashirika matatu, kikiwamo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu cha Dar es Salaam. Iliona kwamba nchi haikutimiza wajibu wake wa kuwalinda watu wenye ualbino, ikiwamo haki yao ya kuishi. Lawama iliyokuwa imerundikwa kwa majirani ikapata mahali pengine pa kukaa, bila majirani kuondolewa yao.

Tarehe 27 Novemba 2024, miezi mitano baada ya mazishi, Muleba ilipanga foleni kama nchi nzima kuwachagua wenyeviti wa vijiji na wa vitongoji. Hao ndio "mtu mwenye mamlaka mahali alipo" wa kifungu cha 7. Mwenyekiti wa kitongoji hana ofisi. Ana benchi mbele ya nyumba yake, daftari, na muhuri kwenye mfuko wa nailoni. Hana mahabusu wala gari, na polisi kata anaweza kuwa vijiji vitatu mbali. Anayekuja kumwambia jambo anaonekana akiingia na kutoka. Huyo mwenyekiti ni mzaliwa wa hapo, ni wa ukoo fulani, ana deni kwa fulani, mkewe anasali jumuiya moja na fulani. Na mara nyingi kati ya kibanja chake na kibanja cha anayetajwa kuna mistari miwili tu ya migomba.